Kuchagua na kukamilisha mradi wa kusanifu chipu: mwongozo kwa wanafunzi wa uzamili Dar es Salaam

Miradi mingi ya chipu hukwama kabla hata mstari wa kwanza wa Verilog, lugha ya kuandikia saketi, haujaandikwa. Kwenye andiko la utafiti panawekwa "Usanifu wa prosesa ya RISC-V" au "Kiharakishi cha akili mnemba", msimamizi anasaini, kisha muda unakwenda na mwanafunzi anabaki na msimbo unaofanya kazi nusu nusu, bila swali la kujibu. Prosesa za RISC-V (seti huria ya maagizo ya prosesa) zipo tayari, tena za bure. Ipo SERV, ndogo kupindukia, inayopiga hesabu biti moja baada ya nyingine. Ipo Ibex, iliyofanyiwa majaribio kwa miaka. Kuandika nyingine ni zoezi zuri la kujifunzia, lakini siku ya kutetea tasnifu utaulizwa umeongeza nini, na hapo ndipo watu hukosa jibu.

Namwandikia anayesoma hapa Dar, awe Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu pale Kijitonyama, DIT pale Bibi Titi na Morogoro, au kwingineko, mwenye laptopu yake, bando la kununua, na asiye na leseni za programu za kusanifu chipu za Cadence wala Synopsys. Msimamo wangu ni huu: chagua saketi ndogo, ibebeshe swali linalopimika, kisha uifikishe mwisho kabisa, hadi kwenye faili la GDS, yaani mchoro wa mwisho unaopelekwa kiwandani, lililopita ukaguzi wote. Saketi ya mia chache za flipuflopu (kila moja hushika biti moja) iliyofika huko ina thamani kuliko prosesa kubwa iliyoishia kwenye simulesheni.

Hatua ya kwanza: tafuta swali kabla ya kutafuta saketi

Swali zuri la mradi wa chipu lina sura moja: nikibadilisha kitu fulani ndani ya saketi, eneo, nishati au usahihi vitabadilika kiasi gani? Ukiweza kuliandika hivyo kwa sentensi moja, andiko lako limeshapata uti wa mgongo. Ukishindwa, mada bado haijaiva.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, kwa sababu kutaja mada kumi juu juu hakumsaidii mtu. Chukua chipu ya kugundua mapigo ya moyo kutoka kwenye mawimbi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Mwaka 1985 Pan na Tompkins walichapisha mbinu ambayo hadi leo inafundishwa: sampuli 200 kwa sekunde, vichujio vyenye namba nzima tu, kisha kipimo cha mteremko, kuzidisha namba kwa yenyewe, na wastani unaotembea juu ya sampuli 30, sawa na milisekunde 150. Mbinu inajulikana, kwa hiyo kuiandika upya kwa Verilog si utafiti.

Sasa itazame kwa jicho la chipu. Huo wastani wa sampuli 30 unadai uhifadhi sampuli zote 30. Zikiwa za biti 16, hizo ni flipuflopu 480 kwa kazi moja tu. Je, ukiondoa dirisha hilo na kuweka kijumlishi chenye rejista moja, kinachosahau taratibu kwa kuhamisha biti kulia, utaokoa eneo kiasi gani, na utapoteza mapigo mangapi? Hilo ni swali. Lina kitu kinachobadilishwa, lina vipimo viwili, na jibu lolote litakalotoka linaandikika. Hata likiwa kwamba mapigo mengi yamepotea, bado ni jibu.

Wewe utapata lako kwa njia hiyohiyo: soma mbinu inayojulikana, tafuta sehemu inayokula eneo au nishati kuliko zote, uliza kama kuna namna ya bei nafuu zaidi. Mita za maji, tokeni za LUKU zenye tarakimu 20, kipima unyevu wa mahindi ghalani, vyote vina saketi za kuchokonoa hivi.

Kabla hujaenda kwa msimamizi, hakikisha data ipo. Ukitaka kupima wagonjwa wa Muhimbili au wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete utahitaji kibali cha maadili ya utafiti, na muda wa kukisubiri ni muda unaotoka kwenye mradi wako. Kwa ECG kuna hazina ya MIT-BIH, inayopakuliwa bure kutoka PhysioNet: rekodi 48 za nusu saa kila moja, na kila pigo limeshawekewa alama na wataalamu. Ila rekodi hizo zilichukuliwa Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Wetu ni hezi 50. Ukitaka chipu inayoondoa mvumo wa umeme wa TANESCO, lazima uongeze wewe mwenyewe mvumo wa hezi 50 kwenye data, na uliseme hilo wazi kwenye tasnifu.

Hatua ya pili: chagua kabrasha la kiwanda na programu

Kila kiwanda cha chipu kina PDK, yaani kabrasha la kanuni zake: upana wa waya, umbali kati ya waya na waya, tabia za transista, na maktaba ya mageti (saketi ndogo za mantiki) yaliyokwisha kuchorwa. Zamani hukupata kabrasha hilo bila kusaini makubaliano ya siri. Mwaka 2020 Google na kampuni ya SkyWater ya Marekani waliweka wazi SKY130, ya nanomita 130. Baadaye GlobalFoundries wakaweka GF180MCU, na IHP ya Ujerumani wakaweka SG13G2. Zote tatu unaweza kuzipakua leo bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa mwanafunzi anayeanza napendekeza SKY130, kwa sababu ina mifano mingi kuliko nyingine na karibu kila kosa utakalokutana nalo limeshaulizwa na kujibiwa na mtu mahali fulani. Nanomita 130 zisikutie unyonge. Swali lako ni la usanifu, na kulinganisha saketi mbili kwenye mchakato mmoja ni halali hata kama simu iliyo mfukoni imetengenezwa kwa mchakato mpya zaidi.

Programu zote ni huria. Yosys hugeuza Verilog kuwa mageti. OpenROAD hupanga mageti na kuyaunganisha kwa waya. Magic na KLayout hukagua mchoro, Netgen hulinganisha mchoro na saketi. LibreLane, mrithi wa OpenLane, huzifunga zote kwenye mnyororo mmoja unaouendesha kwa amri moja. Angalizo: miongozo mingi ya mtandaoni ya kati ya 2021 na 2024 inakupeleka kwa Efabless, kampuni iliyofunga shughuli zake mwaka 2025. Ukikuta hatua inayotaka akaunti yao, iache, tafuta mwongozo mpya.

Upakuaji ni wa gigabaiti kadhaa, kwa hiyo ufanye kwenye mtandao wa chuo, usitumie bando la simu. Laptopu ya RAM ya gigabaiti 16 yenye Linux inatosha kwa saketi ndogo. Ukishapakua, andika pembeni namba ya toleo la kila kitu na usisasishe chochote hadi utakapowasilisha tasnifu, maana toleo jipya la programu linaweza kubadilisha eneo la saketi hata kama msimbo haujaguswa, na ulinganisho wako wote ukaharibika.

Hatua ya tatu: modeli ya namba nzima, kwa Python

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu. Kabla ya Verilog, andika saketi yako yote kwa Python ukitumia namba nzima tu, zenye idadi ya biti uliyoipanga. Desimali zikiingia hapa, chipu na modeli hazitalingana kamwe, na hutajua kosa liko upande upi.

Tuchukue kipande cha kwanza cha mfano wetu, kichujio cha kuondoa hezi 50. Kwa kawaida kichujio cha namna hii kinahitaji kizidishi, na kizidishi hula eneo. Lakini sampuli zikiwa 200 kwa sekunde, hezi 50 inaangukia robo kamili ya kasi hiyo, na kigawo cha kati cha kichujio kinakuwa sifuri. Kinabaki kigawo kimoja, ambacho ukikichagua kiwe 15/16 unakipata kwa kuhamisha biti nne kulia na kutoa. Kichujio kizima kinakuwa mstari mmoja:

y <= x + x2 - y2 + (y2 >>> 4);

Hapo x2 na y2 ni thamani za ingizo na tokeo za sampuli ya pili nyuma. Hakuna kizidishi hata kimoja, na upana wa mkato wake ni kama hezi 2 tu, kwa hiyo hauli sehemu kubwa ya mawimbi ya moyo.

Idadi ya biti usiibahatishe, ipigie hesabu. Jumlisha thamani kamili za mwitikio wa kichujio hiki kwa ingizo la 1 linalofuatwa na sifuri tupu, na utapata 2 kamili. Maana yake tokeo haliwezi kuzidi mara mbili ya ingizo kubwa kuliko yote, kwa hiyo biti moja ya ziada juu inatosha. Chini ongeza biti nne ili mhamisho usikate kila kitu. Ingizo la biti 12 linazaa tokeo la biti 17. Rejista za x ni biti 24, za y ni 34, jumla flipuflopu 58. Flipuflopu moja ya kawaida kwenye maktaba ya SKY130 inachukua takriban mikromita za mraba 20, kwa hiyo unajua tangu sasa kwamba rejista za kichujio zitakula karibu 1,160. Hesabu ya namna hii iingie kwenye andiko lako. Wajumbe wa jopo wakiiona wanajua unachokisema.

Jambo jingine la kuangalia kwenye modeli ni namna ya kukata biti. Ukikata kuelekea sifuri, thamani ndogo kama 8 zitageuka kuwa −8, kisha 8 tena, bila kufa, na chipu itabaki ikivuma hata mgonjwa akishaondolewa elektrodi. Mhamisho wa kawaida wenye ishara hukata kuelekea chini, na mvumo huo unakufa. Python nayo hukata kuelekea chini kwa alama ya >>, kwa hiyo modeli na chipu zitakubaliana.

Hatua ya nne: Verilog, ukikumbuka kwamba FPGA si chipu

FPGA ni kifaa unachokipanga upya kiwe saketi yako bila kupita kiwandani. Msimbo wenyewe utakuwa mfupi. Mitego yake mitatu ndiyo ya kukariri.

Wa kwanza ni ishara. Kwenye Verilog, ikiwa ndani ya hesabu kuna namba moja tu isiyotangazwa kuwa ya ishara, hesabu nzima inachukuliwa kuwa haina ishara, na mhamisho wa >>> unajaza sifuri badala ya kurudia biti ya ishara. Kwa thamani chanya hutaona tofauti yoyote. Kwa hasi, kichujio kinachanganyikiwa.

Wa pili ni thamani za kuanzia. Kwenye FPGA ukiandika initial, rejista inaanza na thamani hiyo. Kwenye chipu, umeme ukiwashwa rejista inaweza kuwa na chochote. Kila rejista inayoshikilia hali ya saketi iwe na riseti.

Wa tatu ni kumbukumbu. FPGA ina RAM ndani yake, na sintesisi (hatua ya kugeuza msimbo kuwa saketi) inakupa bila kukudai. Kwenye chipu, usipoweka RAM iliyotengenezwa mahususi, kilobaiti moja inageuka kuwa flipuflopu 8,192. Zidisha kwa 20 upate mikromita za mraba zaidi ya 160,000. Kigae kimoja cha Tiny Tapeout, mpango unaokusanya miradi midogo ya watu wengi kwenye chipu moja, ni takriban mikromita 160 kwa 100. Kilobaiti yako inahitaji zaidi ya vigae kumi, na hapo waya hazijahesabiwa.

Hatua ya tano: uthibitisho, unaostahili muda mwingi kuliko usanifu

Tumia cocotb kuunganisha Python na simulesheni: sampuli ileile iingie kwenye modeli na kwenye Verilog, na matokeo yalingane biti kwa biti. Tofauti ya biti moja ni kosa, hata kama grafu mbili zinafanana machoni.

Ukizishusha rekodi za MIT-BIH hadi sampuli 200 kwa sekunde, zote 48 zinakupa sampuli zaidi ya milioni 17. Kama kloki yako ni megahezi 10, kati ya sampuli na sampuli kuna mipigo 50,000, na ukiiga mipigo yote hiyo hutamaliza. Weka ishara ya "sampuli mpya ipo" na testibenchi (msimbo wa majaribio) ilete nyingine mara saketi inapomaliza. Tumia Verilator, inayogeuza Verilog kuwa C++, badala ya Icarus ambayo ni ya polepole kwa kazi kubwa. Acha iendeshe usiku kwenye seva ya maabara, ukihifadhi matokeo kila rekodi inapoisha, ili umeme ukikatika upoteze rekodi moja tu.

Matokeo yaripoti kwa vipimo viwili: kati ya mapigo halisi umegundua mangapi, na kati ya uliyoyagundua mangapi ni ya kweli. Kimoja bila kingine hakisemi kitu. Saketi inayopiga kelele kila mara itagundua mapigo yote.

Hatua ya sita: FPGA, kwa haraka

Bodi ndogo kama Tang Nano 9K inatosha kabisa. Kwa kuwa bodi hizi mara nyingi huagizwa nje, agiza mapema, wakati bado unaandika modeli. Kwa kusoma ECG kuna moduli za AD8232. Ukiwa umembandika mtu elektrodi, laptopu na kila kilichounganishwa nayo viwe kwenye betri, chaja ichomolewe ukutani. Hili halina mjadala.

FPGA inathibitisha kwamba saketi inaishi kwenye ulimwengu wa kweli. Eneo na nishati ya FPGA usivilinganishe na vya chipu.

Hatua ya saba: kutoka msimbo hadi GDS

Endesha LibreLane kwa nafasi ya kutosha, mageti yajaze kama nusu ya eneo. Ukibana sana mwanzoni waya zitakosa njia, nawe utahangaika na tatizo ambalo halihusiani na swali lako. Mnyororo ukikatika katikati unaweza kuuendeleza kutoka hatua ulipoishia.

Ripoti ya muda ndiyo ya kuisoma kwa makini. Kuna aina mbili za ukiukaji. Wa setapu hutokea data inapochelewa kufika kabla ya mpigo wa kloki. Wa holdi hutokea data inapowahi mno na kuifuta thamani ya zamani kabla haijashikwa. Wa kwanza unatibika hata baada ya chipu kutengenezwa, unapunguza tu kasi ya kloki. Wa pili hautibiki kwa kloki yoyote, na chipu hiyo ni ya kutupa. Kwa megahezi 10 kipindi ni nanosekunde 100, kwa hiyo setapu haitakusumbua, na watu wakiona hivyo hujiona wamemaliza. Fungua ripoti ya holdi, tena kwenye pembe zote, yaani hali za joto na volti ambazo chipu inaweza kukutana nazo: ya polepole yenye nyuzi joto 100 na volti 1.60, ya kawaida yenye 25 na 1.80, na ya kasi yenye −40 na 1.95. Holdi huvunjika zaidi kwenye pembe ya kasi.

Kisha DRC, inayouliza kama mchoro umefuata kanuni za kiwanda, na LVS, inayouliza kama mchoro ni saketi ileile uliyoiandika. Zote zitoke na makosa sifuri. Kuna pia ukaguzi wa antena: waya mrefu hukusanya chaji wakati wa kutengeneza chipu na unaweza kuunguza geti la transista. Programu hutibu kwa kuongeza diodi, lakini thibitisha kwamba hakuna iliyobaki.

Malizia kwa simulesheni ya mageti yenyewe. Ukiona X (thamani zisizojulikana) zimejaa kwenye matokeo, rudi kwenye mtego wa riseti. Na ukipima nishati, tumia shughuli halisi za mawimbi kutoka kwenye simulesheni hiyo, usiache programu ikisie. Kwa saketi inayofanya kazi mara 200 tu kwa sekunde, kisio hilo linaweza kuwa mbali sana na ukweli.

Fanya haya yote mara mbili: kwa saketi yenye dirisha la sampuli 30, na kwa ile yenye rejista moja. Mipangilio iwe ileile, kloki ileile, pembe zilezile.

Hatua ya nane: utengeneze chipu au usitengeneze?

Chipu halisi inafurahisha kuishika mkononi, lakini kutoka kupeleka faili hadi kupokea kifurushi hupita miezi mingi, na ratiba za viwanda hazifuati kalenda ya chuo. Shahada yako isitegemee kifurushi hicho. Andika andiko ambalo GDS iliyopita ukaguzi ndiyo mwisho wa kazi, na chipu ikija iwe makala ya pili.

Hatua ya tisa: tasnifu

Sura ya matokeo iandike mapema, mara majedwali yanapokamilika, kabla ya sura ya mapitio. Jedwali kuu ni moja: saketi mbili, na kwa kila moja idadi ya flipuflopu, eneo, nishati, na vile vipimo viwili vya ugunduzi. Toa pia matokeo kwa kila rekodi, si wastani wa zote 48 peke yake, kwa sababu zipo rekodi zenye mawimbi mabaya, na hizo ndizo jopo litakazokuuliza. Usilinganishe eneo lako na la makala iliyotumia nanomita 65 bila kueleza tofauti.

Kiambatisho kiwe na amri zinazoendesha kila kitu kuanzia data hadi GDS, pamoja na matoleo ya PDK na programu uliyoyaandika pembeni siku ya kwanza. Kabla ya kuwasilisha, mpe mwenzako wa darasa hifadhi yako ya Git, bila maelezo ya mdomo, aendeshe mwenyewe kwenye laptopu yake. Akikwama, ongeza kwenye maelekezo ile hatua iliyomkwamisha, kisha umpe mwingine ajaribu.